Mlango Uliogeuzwa Meza

Niliondoka Kindu asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Nilijua ninakotoka, na asubuhi ile hilo lilinitosha. Nilibeba blanketi, sahani ya bati, kalamu iliyotafunwa kichwani, na fungu la karatasi nilizokata kwenye mifuko ya simenti. Kila karatasi ilikuwa na mwanzo wa hadithi. Mwisho sikuwa nao hata mmoja.

Nilipita lagare, ndivyo tulivyoita stesheni ya treni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kwenda mtoni. Abiria walikuwa wanaamka. Walikuwa wamesubiri treni ya kusini kwa majuma, wanapika katikati ya reli, wanafua hapo, wananyoana hapo, na nyuma ya behewa la mwisho wanafanya yale mengine, hata ikakubidi utembee ukitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Kwenye reli ya pembeni kulikuwa na behewa la makayabo lililosahauliwa. Wale samaki wa chumvi walikuwa wameanza kuyeyuka, na maji yao yalichuruzika kutoka ndani yakiwa na rangi ya chai. Hata mbwa walikuwa wameacha kuyalamba. Katikati ya harufu hiyo mwanamume mmoja alikuwa akisukutua kinywa kwa furaha. Akatema karibu na mguu wangu, kisha akanisalimu kwa lile neno la “raia” ambalo Chama tawala kilitutaka tuitane.

“Sitwayen! Leo utatupa kile kipande kingine?”

Nikamwambia leo hapana.

“Sasa yule mama, tuambie kweli, atasimama pale nje mpaka lini?”

Nikaharakisha mwendo. Nilikuwa naondoka kwa sababu ya swali hilohilo.

Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Walimu walikuwa hawalipwi, kwa hiyo tuliwalimia mihogo, nami nikaona kwamba kulima ningeweza kulima hata bila sare. Lakini kabla sijaondoka, mwalimu mmoja aliniambukiza ugonjwa. Alisema mwandishi hupata uvuvio kwa kutazama vitu vizuri: mwezi, maua, mto unaotiririka. Nilimwamini. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitatunga hadithi, ingawa sikumwambia mtu, maana mtaani kwetu aliyetunga mambo aliitwa mwongo na hakukopeshwa hata chumvi. Nikaenda kukaa ukingoni mwa Lualaba, nikangoja uvuvio. Maji yalikuwa mazuri kweli. Nikaandika kwamba maji yalikuwa mazuri. Nilipokuwa nikitafuta neno la kufuata, ukaja mzoga wa mbuzi ukielea, umevimba kama ngoma, kunguru amesimama juu yake kama nahodha, na kila alipoudonoa, ulitoa pumzi. Nikakimbia nyumbani nikaandika mpaka karatasi zikaniishia.

Tangu siku ile nilijua jambo ambalo sikuthubutu kumwambia mwalimu: vizuri havinisukumi. Nikiona ua, nalifurahia na kwenda zangu. Nikiona kitu kinachonitia kichefuchefu, siwezi kuondoka mpaka nijue kimetoka wapi, nani amekiacha, na nani atakuja kukila. Udadisi wangu wote unaanzia puani.

Ndiyo maana lagare ilinifaa. Nilipakia mizigo, nilikata nyasi za njia ya reli, niliuza maji, kazi yoyote isiyotaka mtu kurudi kesho. Huko niligundua kwamba watu wanaosubiri huitafuta hadithi kama wanavyotafuta kuni. Nilisimulia kipande asubuhi, kipande jioni, wakanipa bugali, sombe ya majani ya mihogo, siku njema kichwa cha samaki. Shida ilikuwa moja. Treni ilipofika, haikukaa. Filimbi ilipolia, wasikilizaji wangu wote walirukia mabehewa na sufuria za moto mikononi, na hadithi ikabaki katikati. Wengine walinipigia kelele dirishani: “Alikufa? Tuambie tu, alikufa?” Nami nilipunga mkono. Baada ya siku chache walijaa wengine, nami nikaanza nyingine. Hivyo nilijifunza kuanza kama fundi, na kumaliza sikujifunza kabisa. Ikafika wakati nikitunga naacha tu nafasi mwishoni, kama mtu anayejenga nyumba bila ukuta wa nyuma kwa kuwa anajua hatalala ndani.

Msikilizaji wangu mmoja tu ndiye aliyekuwa hapandi treni. Alikuwa mama wa Lokandu, mjane, muuza samaki wa moshi, aliyekaa katika nyumba ya udongo ng’ambo ya barabara. Alinisikiliza huku akipindua samaki wake na kuwafukuza mainzi kwa kipande cha kaniki.

“Wewe, mwanangu,” aliniambia mara nyingi, “hadithi zako ni kama hii treni yao. Tunaiona inaondoka. Hatujasikia kama ilifika.”

“Mwisho unakuja, mama.”

“Unakuja na miguu?”

Nyumba yake ilikuwa na kitu kimoja cha maana, nacho ni mlango. Marehemu mumewe aliuchonga huko Lokandu kwa mbao nyekundu, nzito, akauleta mjini kwa mtumbwi. Chini yake kulikuwa na tundu la paka, maana mwenye samaki asiye na paka hulisha panya wa mtaa mzima. Paka mwenyewe alikuwa mnene na mwenye dharau. Aliingia na kutoka kupitia tundu lile kama mpangaji mwenye funguo zake.

Kisha akaja mgeni mkubwa kutoka Bukavu.

Wakati ule mgeni mkubwa alikuwa kama mvua ya mawe: ulisikia anakuja, ukaficha kuku. Kiongozi wa Chama wa mtaa wetu alikuwa na kazi ya kuandaa karamu. Alikuwa mtu mfupi, abakosi yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, imemkaba shingo, beji kifuani, na mazoea ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naweka kijiko chini: alichokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, akakinusa kile kijiti, ndipo akakitupa. Meza za Chama zilikuwa zimeliwa na mchwa, au zimeuzwa, ilitegemea ulimuuliza nani. Basi akaamuru kila nyumba ya barabara ya lagare itoe mlango wake. Milango ingelazwa juu ya mapipa na kufunikwa vitambaa, na wakubwa wangepata mahali pa kulia.

Nilikuwepo kiongozi na vijana wake walipofika kwa mama wa Lokandu na nyundo.

“Mama, mulango.”

“Mulango gani?”

“Huu. Njo kazi ya Chama,” akasema, kwa ile “njo” yetu ya “ndiyo”.

“Na usiku nitafunga nini?”

“Funga kinywa,” kiongozi akasema, na vijana wake wakacheka kama walivyotakiwa.

Walipoung’oa, bawaba moja ilitoka na pande la udongo wa ukuta. Paka alikaa nje akitazama tundu lake likienda zake begani kwa watu.

Mimi nikawekwa kubeba maji kwenye karamu, kwa hiyo niliiona yote, na natamani ningeona nusu. Vitambaa havikutosha. Wakubwa walikaa mbele ya milango mitupu yenye makomeo na alama za mikono ya watu. Mkubwa mmoja aliweka sahani juu ya maneno PIGA HODI KWANZA yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Mgeni mwenyewe alipewa mlango wa mama wa Lokandu, kwa kuwa ndio uliokuwa mnene. Alikula mbuzi kwa mikono miwili. Mafuta ya mawese yalimtiririka mpaka viwikoni, naye akayapangusa kwenye ubao, mbele na nyuma, kama anayempapasa farasi. Halafu akagundua lile tundu. Alifurahi kama mtoto. Akaanza kupitisha mifupa humo, mmoja baada ya mwingine, na chini mbwa wakapigana juu ya viatu vyake, na kila walipopigana watu wa animasyo, wale wachezaji wa Chama, walidhani anapigiwa makofi wakazidisha nyimbo. Bwana mmoja wa upande wa kushoto alizidiwa na pombe, akatapika pole pole, kwa adabu, juu ya mlango wa jirani yangu, akafunika kwa jani la mgomba na kuendelea kula pembeni yake.

Milango ilirudishwa kwa mkokoteni baada ya wageni kuondoka. Hakuna aliyekuwa ameweka alama. Mrefu ulipelekwa nyumba fupi, mfupi nyumba ndefu, yote ikinata mafuta, sisimizi wakiifuata barabarani kama waombolezaji. Ndipo ikajulikana kwamba mtu mmoja mwerevu, aliyekataa kutoa mlango wa nyumba yake, alikuwa ametoa mlango wa choo. Wakubwa walikuwa wamekula juu ya mlango wa choo! Mama wa Lokandu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha mkokoteni ukasimama kwake. Wakamshushia huohuo wa choo.

“Huu si wangu.”

“Mama, mulango ni mulango.”

“Wangu uko na tundu la paka.”

“Wako umebaki ofisini. Mukubwa anaupenda.”

Kweli, ulibaki katika ofisi ya Chama, umelazwa juu ya mapipa mawili, na kiongozi akaweka mihuri yake juu yake na kutia mwavuli wake katika tundu la paka. Mama akaishi nyuma ya mlango wa choo. Aliusugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya ndimu. Mvua ikinyesha, harufu ilirudi. Wateja walianza kuwanusa samaki wake kabla ya kuuliza bei, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Panya wakajua kwamba paka hana njia ya kuingia.

Mimi nilishindwa kulala kwa kinyaa, na kinyaa, kama nilivyosema, ndicho kinachonishika mkono. Nikaanza kusimulia lagare hadithi ya mwanamke aliyenyang’anywa mlango ili wakubwa walie chakula. Sikuwahi kusikilizwa vile. Watu waliacha sufuria zikaungua. Nilimfikisha yule mwanamke mpaka nje ya ukumbi wa karamu, amesimama gizani, anasikia mifupa ikipita katika tundu la paka wake. Hapo nikakwama. Nilingoja treni ije iniokoe kama kawaida. Treni haikuja. Watu wakauliza, “Na kisha?” Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho.

Kiongozi akasikia habari. Alikuja jioni na vijana wake, akasimama nyuma, akachokonoa meno, akakinusa kijiti. Nilipofika pale ninapokwama, nikanyamaza. Akapita mbele.

“Nitamalizia mimi,” akasema. “Yule mama alisimama pale nje. Chama kikamuona! Chama hakilali! Kikatuma vijana, wakamuletea mulango mupya, wa chuma, na kufuli. Akacheza mpaka asubuhi!”

Akainua mkono. Vijana wakapiga makofi, abiria wakapiga, maana asiyepiga alionekana. Wakaimba. Mwanamume mmoja aliyekuwa analia jana yake kwa ajili ya yule mwanamke alicheza sasa kwa ajili ya kufuli. Nami nilisimama pale na ladha ya chuma kinywani. Kilichonichukiza zaidi hakikuwa uongo wake. Ni kwamba uliingia sawasawa. Ile nafasi niliyozoea kuiacha wazi mwishoni, yeye aliiona, akaingia, akaketi.

Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na unyevu.

“Sitwayen, uko na kipaji. Wageni wa Bukavu wanarudi wiki hii. Utaisimulia mbele yao, animasyo nyuma yako. Na mwisho njo ule ule, umesikia?”

Nilikwenda kwa mama wa Lokandu. Alikuwa anapanga samaki kwenye kapu, hakuinua macho.

“Umesikia, mama?”

“Nimesikia. Nimepewa mulango wa chuma.” Akasonya. “Uko wapi? Niende kuuchukua.”

“Ningefanya nini? Yeye njo mukubwa.”

“Sikuulizi habari yake. Nakuuliza wewe. Yule mama pale nje, anafanya nini?”

“Sijui.”

“Hujui? Si wewe njo unamutunga?”

“Ndiyo, lakini…”

“Lakini umemuacha amesimama na njaa, anasikia wanakula, na wewe umekuja kunywa chai yangu.” Akafunika kapu. “Usiniletee tena mianzo, mwanangu. Mianzo ninayo ya kutosha hapa nyumbani.”

Alfajiri nikasikia nyundo. Walikuwa wameanza upya kung’oa milango barabarani, kwa karamu ya pili. Mama wa Lokandu alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, akiwaangalia wakiuchukua mlango wa choo, na aliwaambia kwa sauti ya upole mno, “Muwape salamu wakubwa.” Nikafunga blanketi langu.

Nilivuka mto kwa mtumbwi. Mpiga kasia aliniuliza naenda wapi upande ule. Nikamwambia naenda upande ule. Ng’ambo, mwanzoni mwa barabara ya mashariki, palikuwa na lori la mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini limejaa sabuni, chumvi na mifuko ya nguo za mitumba. Shofere alikuwa chini yake, miguu tu nje, akiimba wimbo wa kanisa.

“Baba, unaenda wapi?” niliiuliza ile miguu.

“Kampene. Na wewe?”

“Kampene.”

Miguu ikacheka. “Wewe ulikuwa unangoja nitaje. Ningesema Kama, ule mji wa mbele?”

“Ningekwenda Kama.”

“Muntu bila adresi! Panda juu. Utasukuma.”

Nilisukuma. Barabara ile haikuwa barabara, ilikuwa ugomvi kati ya miti na matope. Juu ya mzigo tulikuwa mimi, mchimbaji anayerudi machimboni, mwanamke wa kanisa mwenye kapu la nyani aliyekaushwa kwa moshi, na mkono mmoja wa nyani huyo ulitokeza nje ukinigusa mgongoni kila tulipotikisika, na mbuzi aliyejisaidia kwenye blanketi langu bila haraka. Katika shimo moja tulikwama kutwa nzima. Wakasema tupige hadithi. Nikasimulia ile ya mlango, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imenikaa kooni. Nikamfikisha mwanamke nje ya ukumbi, nikanyamaza.

“Na kisha?” akauliza mchimbaji.

“Nyinyi mnaonaje?”

“Afe,” akasema shofere. “Mama wa namna ile, mwisho anakufa tu. Afe pale nje, wakubwa waone haya.”

“Wakubwa gani waone haya?” mchimbaji akamcheka. “Atokee tajiri, amuoe. Tajiri mwenye milango.”

“Aombe,” akasema mwanamke wa kanisa. “Mungu atamupa mulango ambao hakuna muntu anaweza kuufunga.”

“Mama, mulango usiofungika ni wa nini? Njo shida aliyo nayo sasa!” akadakia shofere.

Tukacheka wote, hata yeye. Lakini nilipolala jioni ile chini ya lori, nikinuka mbuzi, niliyapima maneno yao nikaona kwamba wote watatu, watu wema, walikuwa wamekaa jirani na yule kiongozi. Kifo, tajiri, Mungu, Chama: kila mmoja alimletea yule mwanamke kitu kutoka nje. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwachia mikono. Mimi pia sikumwachia. Nilikuwa nimemsimamisha pale kama mti.

Tuliingia Kampene alasiri. Mji ulikuwa umechimbwa. Vijito vilikuwa na rangi ya ubongo, wanaume walikuwa na matope mpaka kwenye kope, na sokoni kuku alichunwa pembeni ya mtu aliyekuwa anasafisha kidonda. Niliutazama kwa hamu mbaya. Mchimbaji wa kwenye lori alinionyesha nyumba ya mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, aliyekuwa akipangisha chumba cha nyuma na kupika maharagwe ya kuuza.

“Unachimba?” akaniuliza.

“Hapana, mama.”

“Unanunua dhahabu?”

“Hapana.”

“Basi umekuja kufanya nini Kampene?”

“Kutazama.”

Akaniangalia kama kitu kilichoganda kwenye unyayo wake. “Utatazama na kukata kuni. Njoo uone chumba.”

Mpangaji wa kabla yangu alikuwa amehamia Kama na kuacha nyuma kila kitu chake kisichobebeka. Ukuta wa upande wa kichwa ulikuwa na makohozi yaliyokauka, mapya juu ya ya zamani. Kwenye pembe kulikuwa na mifupa ya kuku iliyofagiliwa pale na kusahauliwa, na mavi ya panya juu yake. Hapakuwa na mlango, palining’inia gunia. Katikati, juu ya matofali, kulikuwa na ubao mpana, na juu ya ubao mwenye nyumba alikuwa ameweka mabeseni yake, sahani, sufuria ya maharagwe na bakuli la mawese.

“Kitanda kiko wapi?”

“Njo kile.”

Nikainama. Niliona komeo. Niliona bawaba, na misumari iliyopinda.

“Mama, ule ni mlango.”

“Ulikuwa mulango. Sasa njo kitanda.”

“Na pale pa mlango?”

“Si iko gunia?”

“Na wezi?”

Akanipima kutoka kichwani mpaka miguuni. “Wewe uko na nini cha kuiba?”

Alisema kweli. Lakini nilikuwa nimetoka mbali na nyundo zile bado zikigonga masikioni, na ghafla sikuweza. Sikuweza kulala juu ya mlango mwingine wa mtu. Nikamwambia nitalala chini, mlango urudi mahali pake. Akasema labda kesho, vyombo viko juu. Nikasema sasa hivi. Nikashika upande mmoja, nikainua.

“Vyombo vyangu! Wewe! Mukichaa! Vyombo!”

Mlango ule ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na ukishainuliwa nusu huwezi kuurudisha pole pole. Mabeseni yakateleza kwanza, kwa kelele ya bati. Sahani zikafuata. Sufuria ya maharagwe ikakaa kidogo kwenye komeo, kama inayofikiri, ikageuka. Bakuli la mawese likanimwagikia miguuni, zito na vuguvugu. Mwenye nyumba alikuwa akitukana babu zangu kwa utaratibu, mmoja mmoja. Nami nilisimama katikati ya uchafu ule, mlango umesimama mikononi mwangu, kidole gumba kimebanwa, na nikacheka kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeiona mikono ya yule mwanamke wa hadithi yangu.

Yule mwanamke aliingia ukumbini. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mgeni, akainama, akashika upande wa tundu la paka, akainua. Mbuzi, wali, chupa, mifupa, vyote vikateremkia mapajani mwa mgeni. Hakuna aliyemzuia, maana kila mmoja alikuwa ameketi na tumbo zito la mchuzi, hawezi kuinuka. Akaubeba mlango mgongoni, akatoka nao, mafuta yakimchuruzika shingoni. Wachezaji, kwa kuona kitu kinapita kimebebwa juu, wakaimba. Akaufikisha nyumbani, akausimamisha, akausugua kwa mchanga na majivu. Na harufu haikutoka. Kila masika ilirudi, harufu ya karamu yao, na sisimizi nayo. Aliishi na mlango wake na kinyaa chake mpaka mwisho.

Huo haukuwa mwisho mzuri. Lakini ulikuwa umejaa; hapakubaki hata kiti kimoja cha kiongozi kukalia.

Mwenye nyumba alikuwa amefika kwa babu wa mwisho. Nikamsaidia kuokota sahani, moja tu ilikuwa imevunjika. Tukauegemeza mlango kwenye uwazi wake. Ulikuwa mfupi kidogo, ukaacha mwanga juu, lakini ulisimama. Nikavuta karatasi moja ya simenti, nikakaa kizingitini, kalamu mkononi.

“Unaandika nini?” akauliza kwa wasiwasi. “Unanishitaki?”

“Hapana, mama. Namaliza.”

“Maliza kwanza kupangusa.”

Nikapangusa. Nikakwangua ukuta, nikatoa mifupa ya kuku nje, nikarudi kizingitini miguu ikinata mawese, nikaandika mwisho juu kabisa ya karatasi, mahali ambapo siku zote nilikuwa nikiandika mwanzo.